Kumvusha Mtoto Mdogo kwa Meli kutoka Tanga hadi Pemba: Mwongozo Kamili wa Likizo ya Familia

Kila likizo za Juni na Desemba zinapokaribia, wazazi wa hapa Tanga huniuliza swali lile lile, na wengi wao huuliza wakiwa wamesharudi: kwa nini mtoto alitapika tangu katika mkondo wa bahari wa Pemba hadi gatini, kwa nini alilia usiku kucha, na kwa nini siku mbili za mwanzo za likizo ziliishia kitandani. Karibu wote walikuwa wamejiandaa kwa ufukwe. Wachache walikuwa wamejiandaa kwa zile saa zilizo kati ya mlango wa nyumba yao na kitanda cha ugenini, ambapo mambo ndipo huharibikia.

Mwongozo huu unamhusu mtoto wa mwaka 1 hadi 3, yaani yule anayetembea na kukimbia lakini hasikii amri. Unasimama juu ya kanuni moja ambayo itarudi katika kila hatua: tangu mnatoka nyumbani hadi mnafika, mikono miwili ya mtu mzima mmoja ni ya mtoto peke yake. Mtu huyo, awe baba, mama, shangazi au dada mkubwa, habebi begi, hashiki simu wala tiketi. Nitamwita mshika mtoto. Mnaweza kupokezana, lakini kabidhianeni kwa maneno: "Mchukue, sasa ni wako." Kila mmoja akidhani mwenzake anamwangalia, mtoto hana mwangalizi.

## Vitu vya kuandaa

Gawanya vitu vyote katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mzigo mkubwa, ambao huenda ukawekwa mbali nanyi na msiufikie hadi mnashuka. Fungu la pili ni mfuko wa kiti, unaokaa miguuni penu muda wote. Mimi nilijifunza tofauti hiyo kwa aibu: mwanangu alitapika nusu saa baada ya kuondoka, nguo zake zote zilikuwa katika sanduku lililokuwa chini ya magunia ya watu, nasi tukamfunga kanga ya mama yake hadi tukafika.

Mfuko wa kiti uwe na vitu hivi:

- nguo kamili za kubadilisha jozi 3, pamoja na fulana moja ya mshika mtoto, kwa sababu naye hutapikiwa;
- pampasi 6 au zaidi, vitambaa vya kufutia na sabuni kidogo;
- kanga 2: moja ya mbeleko, nyingine ya kutandika, kufunika au kukingia matapishi;
- sweta na soksi, maana vyumba vya ndani vya meli vyenye viyoyozi huwa na baridi ambayo mtoto wa Tanga hajawahi kuiona;
- maji safi ya kunywa, lita moja na nusu kwa mtoto peke yake;
- pakiti 2 za ORS (unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini), kijiko cha chai na chupa safi ambayo unajua inaingiza maji kiasi gani;
- chakula kikavu, ambacho nitakieleza katika hatua ya nne;
- chombo chenye mfuniko au mfuko wa kitambaa kisichopitisha maji kwa ajili ya nguo na nepi chafu, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019;
- kofia yenye ukingo mpana.

Nyaraka zikae mwilini mwa mtu mzima asiye mshika mtoto: vitambulisho vya wazazi, nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na kadi yake ya kliniki. Kadi hiyo wengi huiacha nyumbani, ilhali ndiyo kitu cha kwanza atakachoulizwa mzazi katika kituo chochote cha afya, kwa sababu inaonyesha uzito na chanjo.

Chombo cha mwisho ni jaketi la kuokolea maisha la mtoto, nalo lina hatua yake.

## Hatua ya 1: Chagua majira kwanza, tarehe baadaye

Wazazi wengi huchagua tarehe kwa kalenda ya shule, kisha wakailaumu bahari. Kusi huanza kuvuma karibu na Aprili na hukaza Juni hadi Agosti. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi. Kwa mtoto mdogo, muda ninaoupendelea ni demani, hasa Oktoba na mwanzo wa Novemba, wakati kusi imechoka na mvua za vuli hazijakolea. Chaguo la pili ni mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi, kabla ya masika.

Sababu ni hii. Ndani ya ghuba ya Tanga maji hutulia karibu mwaka mzima, na mtu aliyesimama ufukweni Raskazone anaweza kudhani bahari yote iko hivyo. Lakini meli ikishatoka ghubani huingia katika mkondo wa Pemba, wenye kina cha zaidi ya mita 700, na hapo hakuna mwamba wala kisiwa cha kukata wimbi. Meli inaelekea mashariki, kusi inatoka kusini, na wimbi linaipiga ubavuni. Chombo huenda mrama, na mrama ndio unaowalewesha watu.

Kama likizo yenu lazima iwe Juni, nendeni, lakini wekeni siku mbili za akiba kila upande. Sikilizeni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania jioni ya siku mbili kabla na jioni ya kuamkia safari. Ikitolewa tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, ahirisheni hata kama meli haijaahirisha. Mtu mzima anaweza kuamua kuvumilia siku kama hiyo. Mtoto hajaulizwa.

Utajua umefaulu ukiwa na tarehe mbili mfukoni, ya kwanza na ya akiba, na mwenyeji wa Pemba anazijua zote mbili.

## Hatua ya 2: Tiketi, na jina la mtoto

Meli za abiria kati ya Tanga na Pemba haziendi kila siku, na ratiba hubadilika. Kwa hiyo thibitisha siku, saa ya kuripoti na bandari ya kushukia, kisha thibitisha tena siku moja kabla. Bandari ya kushukia si jambo dogo: Wete iko kaskazini na Mkoani iko kusini, na kila moja iko takriban kilomita 30 kutoka Chake Chake. Familia iliyopanga kulala Wete ikashushwa Mkoani itamaliza safari kwa mwendo mrefu wa gari, huku mtoto akiwa ameshachoka.

Hakikisha jina la mtoto limeandikwa katika orodha ya abiria hata kama halipi nauli. Wazazi hupuuza jambo hili kwa kuwa mtoto "anapakatwa tu". Orodha hiyo ndiyo inayotumiwa na waokoaji kujua wanatafuta watu wangapi. Mv Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilikuwa imebeba watu wengi kupita kiasi, na kujua walikuwa wangapi hasa kukawa shida kubwa. Usiondoke dirishani kabla hujaliona jina la mwanao kwa macho yako.

## Hatua ya 3: Jaketi, na mazoezi ya nyumbani

Hapa ndipo wengi hufeli bila kujua, kwa sababu bahari huwa imewahurumia.

Jaketi la mtu mzima halimwokoi mtoto mdogo. Akitumbukia, jaketi hupanda juu na yeye huteleza chini kupitia tundu la mikono. Kanuni za kimataifa za vifaa vya uokoaji hutenga majaketi ya watoto wachanga, walio chini ya kilo 15 na urefu usiofika sentimita 100, na majaketi ya watoto wa kilo 15 hadi chini ya kilo 43. Soma kadi ya kliniki ujue mwanao yuko wapi. Kanuni hizo hizo huzitaka meli za safari za kimataifa zinazochukua chini ya saa 24 ziwe na majaketi ya wachanga kwa angalau asilimia 2.5 ya abiria. Ni wazi kwamba hata palipo na kanuni kali, majaketi ya kipimo hicho huwa machache, hivyo familia inayoweza kununua au kuazima lake mwenyewe na iende nalo.

Jaketi zuri la umri huu lina mambo matatu: mkanda unaopita katikati ya miguu, ukosi mnene unaoinua kichwa, na mshiko mgongoni wa kumnyanyulia. Livishe, funga mikanda yote, kisha mnyanyue mtoto kidogo kwa kushika mabega ya jaketi. Kidevu na masikio yakizama ndani, jaketi ni kubwa, lirudishe. Vile vifaa vya kupulizwa vyenye picha za bata, vinavyouzwa pamoja na ndoo za mchanga, ni vya kuchezea tu.

Baada ya hapo fanya mazoezi. Wiki moja kabla ya safari, mvishe mtoto jaketi kila jioni kwa dakika kumi akiwa anacheza au anakula embe. Mara ya kwanza atalia na kujivuta mikanda. Mara ya nne atakuwa ameshalisahau. Mtoto anayevishwa jaketi kwa mara ya kwanza siku ya dharura, gizani, na mtu mwenye hofu, atapigana nalo kwa nguvu zake zote.

Utajua umefaulu mtoto akikuletea jaketi mwenyewe na kutaka umfunge.

## Hatua ya 4: Chakula cha kuamkia safari

Kosa la kawaida ni kumshibisha mtoto ili "asisumbue njiani". Tumbo lililojaa maziwa na chapati za mafuta halivumilii mrama, na tumbo tupu nalo hulewa upesi. Kinachotakiwa ni tumbo lenye kitu chepesi.

Usiku wa kuamkia safari, mlishe mapema chakula alichokizoea. Si usiku wa kumwonjesha pweza. Asubuhi, saa moja na nusu hadi mbili kabla ya kupanda, mpe uji mwepesi usio na maziwa mengi au kipande cha mkate na ndizi mbivu. Anayenyonya anyonye kama kawaida, ila kidogo kidogo na mara nyingi.

Kwa njiani chukua biskuti kavu, mkate wa kawaida, viazi vitamu vya kuchemsha na ndizi. Acha nyumbani karanga, korosho, pipi ngumu na ubuyu. Najua ubuyu hutuliza watoto, lakini kokwa yake ni saizi kamili ya kuziba koo la mtoto wa miaka miwili, na katika meli inayoyumba ni rahisi mno kitu kilicho mdomoni kuteleza.

## Hatua ya 5: Gatini na ngazini

Fika mapema, lakini usikimbilie kuwa wa kwanza. Msongamano wa langoni ndio dakika kumi za hatari kuliko zote katika safari nzima: wachukuzi wanapita na magunia begani, mikungu ya ndizi inakatiza kwa urefu wa kichwa cha mtu mzima, na mtoto anayetembea kwa miguu yake yuko chini, kati ya masanduku, mahali ambapo hakuna anayemwona.

Kwa hiyo mtoto hatembei. Mshika mtoto amfunge mbeleko, na amfunge mbele, si mgongoni, ili auone uso wake muda wote. Mtu mzima wa pili achukue tiketi na mfuko wa kiti. Mzigo mkubwa mpe mchukuzi baada ya kupatana bei, na mpatane kabla hajaushika. Gari la kusukumia mtoto likunjwe likiwa bado nje ya lango.

Katika ngazi ya kupandia, mshika mtoto ashike kamba au chuma kwa mkono mmoja na mgongo wa mtoto kwa mkono mwingine. Hapo ndipo utaelewa kwa nini nimesema asibebe kitu. Kama ngazi inapanda na kushuka kwa mawimbi, subiri itulie. Wanaokusukuma kutoka nyuma watangoja.

## Hatua ya 6: Kiti

Kaeni katikati ya meli, katika ghorofa ya chini iliyoruhusiwa kwa abiria. Meli huyumba kama mizani: katikati husogea kidogo, omo, yaani mbele, hupanda na kushuka sana, na tezi, yaani nyuma, hukusanya moshi wa injini, ambao hata mabaharia huwachefua. Watu wengi hukimbilia juu kwa ajili ya mandhari. Juu ndipo kila mrama huongezeka ukubwa.

Meli inapopita karibu na kisiwa cha Toten bado mko ndani ya ghuba na maji yametulia. Utumie muda huo. Mpeleke mtoto chooni au mbadilishe pampasi, mvishe sweta kama ndani ni baridi, tandika kanga, weka kijiko na chupa mahali ambapo mkono unafika bila kuangalia. Tafuta pia majaketi ya meli yako wapi na mlango wa kutokea uko upande gani. Mkishatoka nje, kila kimoja cha vitu hivyo kitakuwa kazi ngumu mara tatu.

Hadhari ni tatu. Usimsimamishe wala kumketisha mtoto juu ya benchi lililo karibu na ukingo wa meli, kwa sababu benchi hugeuka ngazi. Milango ya chuma ya meli hujifunga yenyewe chombo kikiinama, na vidole vya mtoto hupenda kushika bawaba. Mpitishe akiwa amebebwa, na angalia kizingiti, maana huwa kirefu. Sakafu ya choo daima imelowa, kwa hiyo usimteremshe.

## Hatua ya 7: Mtoto akianza kulewa bahari

Watoto walio chini ya miaka 2 hulewa bahari mara chache kuliko watoto wakubwa, na tatizo huongezeka kuanzia miaka mitatu au minne. Ndiyo maana mtoto wa mwaka mmoja anaweza kulala fofofo huku kaka yake wa miaka minne akitapika. Chanzo ni ugomvi wa habari: sikio la ndani linauambia ubongo kuwa mwili unasogea, na macho yaliyotazama kitabu au simu yanasema umetulia. Basi, hakuna katuni za simuni. Kama ni salama, mshika mtoto amsogeze dirishani atazame upeo wa bahari. Kama amesinzia, mwache alale. Usingizi ndio dawa bora.

Mtoto hasemi "nachafukwa na roho". Atapiga miayo, atanyamaza ghafla, midomo itapauka, jasho jembamba litatoka juu ya mdomo, kisha atakataa kitu anachokipenda. Ukiona miayo na ukimya kwa pamoja, una dakika chache. Mlegeze nguo, mpeleke penye hewa, tandaza kanga kifuani, na mwinamishe kidogo mbele.

Akitapika, usimpe maji kwa haraka. Kusubiri dakika kumi ni kugumu kwa mzazi anayemwona mwanawe amelegea, lakini kikombe kizima kikiingia mara moja kitarudi chote. Baada ya dakika hizo, anza na ORS, kijiko kimoja cha chai kila dakika moja au mbili. Ichanganye kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, si kwa kukisia, kwa kuwa pakiti hazilingani, na mwaga iliyobaki baada ya saa 24.

Kuhusu dawa za kuzuia kutapika, nasema kwa ukali kidogo kwa kuwa nimeona zikigawiwa vitini kama pipi. Promethazini haifai kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kudhoofisha upumuaji wake hadi kumuua. Kwa mtoto mkubwa kuliko hapo, ni daktari aliyempima ndiye wa kuamua kipimo, kabla ya safari. Usipokee kidonge cha jirani wa kiti, hata akiwa mtu wa heshima na nia njema. Mshukuru, ukiweke mfukoni.

Mpeleke mtoto kwa mtoa huduma wa afya mara mnaposhuka ikiwa anatapika kila kitu hata baada ya chombo kutulia, macho yamebonyea, haamki vizuri, hawezi kunywa, au pampasi imekaa kavu kwa saa sita na zaidi. Hayo si ya bahari tena.

## Hatua ya 8: Kushuka na siku ya kwanza

Shukeni mwisho. Mbeleko irudi kifuani kabla ya meli kugusa gati, kwa sababu mgongano wa mwisho huwaangusha waliosimama.

Siku ya kwanza haina matembezi. Mtoto aoge, ale kidogo, alale chini ya chandarua. Wenyeji watataka kumpitisha nyumba hadi nyumba, kila bibi ana kitu cha kumlisha; waombe radhi kwa upole, waambie mtoto ametoka baharini, nao watu wa Pemba watakuelewa haraka kuliko mtu yeyote.

## Hatua ya 9: Mashua ya kwenda Misali

Kisiwa cha Misali kiko magharibi mwa Chake Chake, na matumbawe yake ndiyo yanayowavuta wengi. Kwa mtoto mdogo ni safari tofauti na ya meli, kwa kuwa mashua ni wazi, jua la nyuzi tano kusini mwa ikweta halina huruma, na hakuna sehemu ya kukaa kavu.

Ondokeni asubuhi na mapema kabla upepo haujapanda. Jaketi livaliwe tangu nchi kavu hadi nchi kavu. Muulize nahodha habari ya maji: wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hupwa mbali, na mnaweza kulazimika kutembea juu ya miamba yenye fuma, wale wanyama wa miiba, mkiwa na mtoto mkononi. Mimi huchagua siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Kama mashua haina kivuli, au nahodha hana jaketi hata moja, rudini mkacheze ufukweni Vumawimbi. Mtoto wa miaka miwili hajui tofauti ya ufukwe mmoja na mwingine, anachotaka ni mchanga.

## Hatua ya 10: Kurudi

Rudia hatua ya 4 hadi ya 8 bila kuruka hata moja, kwa sababu wengi hulegea wakati wa kurudi wakidhani mtoto ameshazoea. Jaza upya mfuko wa kiti usiku wa kuamkia safari: nguo safi jozi tatu, ORS mpya, maji. Zawadi zote ziingie katika mzigo mkubwa, na hasa ile halua ya Wete. Ikikaa katika mfuko wa kiti, mtoto ataiona kabla meli haijang'oa nanga, na atataka aile yote kabla ya mkondo.